Kifungo cha Baba Yake Dumas

JICHO LA SINEMA
Na Mwanakombo Hamisi

Watu zaidi ya milioni 9 walikata tiketi nchini Ufaransa kwenda kumtazama mtu mmoja akilipiza kisasi kwa karibu saa tatu. Filamu ya Le Comte de Monte-Cristo, iliyotoka Juni 2024, iligharimu takriban yuro milioni 43, na fedha zenyewe zinaonekana: majumba, farasi, hariri.

Waongozaji wake, Matthieu Delaporte na Alexandre de La Patellière, wamepunguza mengi, na wamefanya vyema. Riwaya ya Alexandre Dumas ilitoka gazetini kipande kwa kipande, kuanzia 1844 hadi 1846, na mwandishi anayelipwa kwa mstari hana haraka ya kufika. Uti wa mgongo umebaki. Edmond Dantès, baharia wa Marseille, anasingiziwa katikati ya shangwe za ndoa kuwa ni mtu wa Napoleon, anatupwa katika ngome ya Château d'If bila kesi, na baada ya miaka mingi anarudi tajiri asiyetambulika. Pierre Niney, anayemwigiza Dantès, huvaa na kuvua nyuso za bandia kama mtu abadilishaye kofia.

Hata hivyo, kinachomkaa mtazamaji kooni ni lile shimo la Château d'If. Dumas alilitoa wapi? Mkasa wenyewe aliuokota katika kumbukumbu za polisi: fundi viatu aliyeponzwa na rafiki zake. Giza la gereza, safu hii inaamini, lilitoka nyumbani kwao.

Baba yake, Thomas-Alexandre, alizaliwa 1762 Saint-Domingue, ambayo leo ni Haiti. Mama yake, Marie-Cessette, alikuwa mtumwa, na baba yake kabaila wa Kifaransa. Kabaila huyo alipokosa nauli ya kurudi kwao alimweka mwanawe rehani, kama mtu awekavyo saa yake kwa mkopeshaji, kisha akamkomboa. Kijana aliingia jeshini kwa jina la mama yake, Dumas, na Mapinduzi ya Ufaransa yakampandisha hadi ujenerali. Mwaka 1799, akitoka Misri alikokosana na Napoleon, chombo chake kibovu kilikimbilia bandari ya Taranto, kusini mwa Italia. Wenyeji wakamtia ndani miaka miwili. Alitoka mwili umechakaa, akaomba haki zake, Napoleon akamnyamazia. Alifariki 1806, mwanawe hajatimiza miaka minne.

Mtu akishajua haya, akirudi kumtazama Dantès akiozea kifungoni kwa sababu ya jina la Napoleon, anaona filamu nyingine kabisa.

Sinema ya Ufaransa imewahi kumgusa Dumas mwenyewe, na ikajikwaa. Mwaka 2010, katika L'Autre Dumas, mwandishi huyo mjukuu wa mtumwa aliigizwa na Gérard Depardieu, ngozi imetiwa weusi na kichwani nywele za bandia za kipilipili. Waigizaji weusi walilalamika, na walikuwa na haki. Dumas alizomewa kwa rangi yake enzi za uhai wake. Mwaka 1843 alichapisha Georges, riwaya ya kijana chotara wa Mauritius anayepambana na ubaguzi. Hiyo nayo ingefaa kamera na yuro milioni 43, tena ina bahari yetu ya Hindi ndani yake.

Watalii wanaovuka kwa boti kwenda Château d'If huonyeshwa seli ya Edmond Dantès, mtu ambaye hakuwahi kuishi. Jenerali, aliyefungwa kwelikweli, alikuwa na sanamu yake Paris, ikavunjwa wakati Wanazi wameikalia nchi. Mwaka 2009 mahali hapo paliwekwa sanamu nyingine: pingu kubwa mbili na mnyororo uliokatika, bila sura ya mtu.