Magari ya umma yapimwe kabla ya kulazwa



Nina dukuduku kuhusu magari ya umma yanayolazwa miezi mingi kwa sababu ya uamuzi wa haraka wa fundi.

Sisi wa vijiji vya kati ya Kilosa na Mikumi tunalijua tope. Januari 2010 mto Mkondoa ulifurika hata ukakata Reli ya Kati. Wakati wa masika, kwenye njia zetu nyingi za vijijini, gari lisilovuta kwa magurudumu yote manne halimfikishi mgonjwa hospitali.

Masika moja gari la wagonjwa tulilolitegemea liliacha kuvuta kwa magurudumu ya mbele. Fundi alichungulia chini, akatamka kwamba gia boksi ndogo, yaani transifa, imekufa na inunuliwe nyingine. Gari likalala chini ya mwembe miezi mitano. Katika muda huo jirani yangu alishikwa na uchungu usiku, akabebwa kwa baiskeli. Alijifungulia njiani. Mama alipona, mtoto tulimzika asubuhi.

Mwishowe mzee mmoja, fundi mstaafu, aliliangalia gari lile. Transifa hakuigusa. Alikuta kufuli ya gurudumu la mbele la kushoto, ile izungushwayo kwa mkono, imekwama kwa tope. Upande mmoja usipofunga, difu huuzungusha bure na magurudumu yote mawili ya mbele hayavuti. Aliisafisha kwa petroli, akapaka grisi, gari likavuta.

Mzee huyo alinieleza kuwa transifa ina vipimo visivyohitaji mashine. Fungua kufuli za mbele, weka gia ya magurudumu manne, gari liende polepole mahali tambarare, na mtu asimame pembeni aangalie. Propela ya mbele ikizunguka, transifa inapeleka nguvu. Ubovu utafutwe mbele yake. Ikilia katika gia nzito tu, tazama meno ya gia hiyo. Ikilia katika zote, anza na kiasi cha oili, kisha beringi. Oili ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Na mkono wa gia ukikataa kutoka, pengine hakuna kilichovunjika: dereva amesahau kuitoa alipoingia lami ya barabara kuu pale Mikumi, nayo imekaza. Arudi nyuma kidogo, italegea.

Sisi walimu hatuandiki kwamba mtoto ameshindwa kabla ya kumpa mtihani. Nawaomba wahusika waagize kwamba kila fundi wa gari la umma aandike kwanza amepima nini na ameona nini, ndipo kipuri kiagizwe. Karatasi moja inatosha. Madereva nao wafundishwe kusafisha kufuli hizo kila watokapo kwenye tope.

Vipuri hivyo hutoka nchi za nje na hununuliwa kwa fedha za wananchi. Si haki kuzitumia kwa kubahatisha huku wagonjwa wakibebwa kwa baiskeli.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Kilosa, Morogoro.