HOSPITALI ILIYOFUNGWA BILA KUFULI



Tangu Mei 26 mpaka Oktoba 24, 2025, yaani karibu siku 150, madaktari wa hospitali za Kaunti ya Kiambu walikuwa katika mgomo. Hospitali za Thika na Ruiru hazikutiwa kufuli. Malango yalikuwa wazi. Lakini kwa mgonjwa aliyemhitaji daktari, hospitali ilikuwa imefungwa. Mwenye fedha alikwenda hospitali ya kulipia. Asiye nazo alipanda matatu kwenda Nairobi, au alibaki nyumbani na ugonjwa wake.

Sasa zitazameni karatasi zenu za mshahara. Tangu Oktoba 1, 2024, ile bima ya N.H.I.F., iliyoundwa 1966, iliondolewa ikaja S.H.A., na kila mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wote. Apataye shilingi 20,000 hukatwa 550. Kwa miezi mitano ya mgomo, hizo ni shilingi 2,750. Tajiri haongezi hata senti. Madaktari waligoma, makato hayakugoma hata siku moja.

Wako wenzetu waliowalaumu madaktari. Hatukubaliani nao. Madaktari walidai, pamoja na mengine, mishahara ilipwe kwa wakati na wanaostahili kupandishwa vyeo wapandishwe. Mfanya kazi wa shamba la mananasi au wa kiwanda cha nguo, aliyekwisha kungoja mshahara wake mpaka katikati ya mwezi, atasema madai hayo ni ya ajabu? Hospitali zilikabidhiwa kaunti 2013. Kaunti ndiyo tajiri wa madaktari hao, na kuumaliza ugomvi mapema ulikuwa wajibu wake kwanza.

Wazee wetu wanaikumbuka 1965, Serikali ilipofuta ada ya wagonjwa wa nje. Mwaka 1989 ada ikarudi kwa jina la kuchangia gharama (jina zuri, mfuko ule ule). Leo twalipa hata kabla ya kuugua, na aliyekwisha kulipa ana haki ya kuuliza.

Chama chataka wafanya kazi wapewe kiti katika kamati za hospitali za Thika na Ruiru, ili ugomvi ukianza tusikie siku ya kwanza, si siku ya mia. Katika mkutano ujao wa tawi, kila mwanachama aje na karatasi zake za mshahara za Mei mpaka Oktoba 2025. Tutazihesabu pamoja, na jumla yake tutaipeleka kwa Kaunti.