Hukuibiwa, Ulifungua Mlango

Wacheni niseme leo, maana nimenyamaza siku nyingi na roho bado inachemka.

Kupamba kwa dada yangu kulikuwa kwa wanawake watupu. Nyie wa Mji wa Kale mwajua mambo yalivyo: mabuibui yanavuliwa, simu zinaachwa mlangoni, hakuna mwanamume anayekanyaga. Hata mpiga picha tulitafuta mwanamke makusudi. Basi wiki mbili baadaye, binamu yetu wa kiume ananionyesha picha ya dada kwenye simu yake. "Mashallah, alipendeza." Dada alilia. Mama hakusema neno, na mama akinyamaza, jua mambo yameharibika.

Watu wakaanza: "Akaunti imehakiwa!" Imehakiwa na nani? Nilifuatilia. Akaunti ya mpiga picha ilikuwa imejaa. Google inakupa GB 15 za bure, na humo zinabanana Drive, Gmail na Photos. Akataka kuhamishia albamu kwenye akaunti yake nyingine. Akaiweka folda wazi kwa yeyote mwenye linki, kisha linki hiyo hiyo akaitupa kwenye grupu la familia: "Chukueni haraka, nafuta kesho." Grupu la familia, lenye wajomba na mabinamu! Na hiyo kesho haikufika. Folda ilibaki wazi mpaka siku nilipompigia simu.

Sasa sikizeni, nitawapa mfano wa nyumbani. Wareno walianza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593, kuta nene za mawe ya matumbawe, ramani ikachorwa na Muitaliano Giovanni Battista Cairati. Agosti 1631, Yusuf bin Hassan, sultani wa Mombasa aliyelelewa Goa na Wareno wenyewe, aliingia na watu wake, akamuua kapteni, ngome ikawa yake. Hakubomoa ukuta. Alikuwa mtu wanayemjua, akapita langoni. Mwaka uliofuata Wareno wakaleta jeshi kuirudisha, na kuta zile zile zikawashinda. Mimi simlaumu Yusuf, babake aliuawa kwa njama za Wareno. Ninachosema ni hiki: ukuta ulikuwa mzima siku zote. Tatizo lilikuwa nani anapitishwa.

Na ndivyo ilivyo kwenye klaudi. Faili zako zikiwa njiani kwenda Google Drive, OneDrive au Dropbox, zinasafiri zikiwa zimefichwa kwa kodi. Ukuta upo. Sisi ndio tunaoacha lango wazi, halafu tunalia na mahaka.

Lango la kwanza ni linki. Utasikia, "Linki yenyewe ndefu, nani ataibahatisha?" Hakuna anayebahatisha, mwanangu. Watu wanaforwadi. Kama wahamisha kutoka akaunti moja hadi nyingine, andika imeli ya hiyo akaunti ya pili, ruhusu hiyo peke yake. Kisha ingia huko utengeneze nakala. Kushea si kuhamisha: mwenye faili akiifuta, nawe umeikosa.

Lango la pili ni paswadi. Unampa jamaa wa kibanda cha simu paswadi yako "akuhamishie tu mara moja". Humo mna picha ya kitambulisho, cheti cha KCSE, taarifa ya M-Pesa ya mamako. Funguo ya nyumba humpi, lakini hii wampa, tena kwa WhatsApp.

Lango la tatu ndilo wengi hawalioni: programu za kuhamisha za bure. Zinakuuliza, "Je, waruhusu kuona, kuhariri na kufuta faili zako zote?" Nawe wabonyeza ndiyo bila kusoma, una haraka. Ukimaliza unaifuta kwenye simu, wadhani imeondoka. Haijaondoka. Ile ruhusa imebaki kwenye akaunti yako, na hata ukibadilisha paswadi, mara nyingi bado ipo. Lazima uingie kwenye akaunti, utafute orodha ya programu ulizoziunganisha, uikate mwenyewe.

Na msiniambie njia salama ni ghali. Google wana Takeout, ambayo inapeleka faili zako moja kwa moja mpaka Dropbox, OneDrive au Box. Zinatoka kompyuta yao kwenda kompyuta ya wenzao, bando lako haliguswi. Zile za asili zinabaki pale pale, kwa hivyo una nafasi ya kuhesabu: zilikuwa picha 812, zimefika 812? Fungua chache uone. Ndipo ufute. Hata hapo, Drive inaziweka kwenye pipa la taka siku 30.

Sasa nyinyi mnaopiga picha za harusi, hii ni yenu. Zile sura si zenu. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, na picha inayomtambulisha mtu ni data yake. Mwaka 2023 Kamishna wa Data alitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za watoto bila idhini ya wazazi. Ukichukua pesa ya mtu kumpiga picha, umechukua na amana yake. Kusema "nilisahau kufunga" hakumrudishii dada yangu stara.

Na wewe unayesema "mimi sina cha kuficha", sawa. Lakini simu yako ina picha za mamako akiwa ameketi nyumbani bila mtandio, na za shosti wako aliyekuamini. Wao wana cha kuficha, na hawakukupa ruhusa ya kuamua kwa niaba yao.

Usiku wa leo, kabla hujaingia TikTok, fungua Drive yako. Kila folda uliyoiacha wazi kwa mwenye linki, ifunge. Kila programu usiyoikumbuka, ikate. Mimi nilipofanya nilikuta linki ya 2022 bado iko wazi, na nilikuwa najiona mjanja.

Dada bado hataki kuiangalia albamu yake.