Mbwa Mdogo Aendaye kwa Miguu Mitatu

Mbwa mdogo akianza kuchechemea nyumbani, wa kwanza kuhukumiwa aghalabu ni mtoto. Jana alionekana amembeba mbwa huyo ngazini. Leo mbwa anaruka kwa miguu mitatu. Basi shauri limekwisha. Mtoto huapa kwamba hakumwangusha, wala haaminiwi, na pengine fimbo hufuata. Lakini kwa mbwa wa namna hii, mara nyingi mtoto huwa amesema kweli.

Wakazi wa Old Kampala wanayo sababu ya kuzishuku ngazi. Mtaa wao ni mlima. Hapo ndipo Kapteni Frederick Lugard alipopiga kambi yake mwezi wa Desemba 1890, na hapo kileleni ndipo uliposimama Msikiti wa Taifa uliofunguliwa rasmi mwaka 2008. Njia za mtaa huo ni za kupanda na kushuka. Majengo yake ya kale yenye maduka chini na vyumba vya kuishi juu yana ngazi nyingi, na sakafu zake za saruji iliyosuguliwa huteleza. Mbwa mkubwa wa ulinzi huhitaji ua. Jamaa inayoishi katika vyumba viwili ghorofani, ikipenda mbwa, huchagua mdogo: Maltese, Japanese Spitz, Pomeranian, au mahuluti wa hao. Na mbwa hao wadogo ndio hasa wenye ugonjwa unaozungumzwa hapa, nao ni kuhama kwa pia ya goti.

Kwanza yafaa goti lenyewe lijulikane lilipo, kwa maana wengi hulikosea. Kile kifundo cha mguu wa nyuma wa mbwa kinachochomoza kuelekea nyuma, karibu na ardhi, si goti. Hicho ni kifundo cha mguu pamoja na kisigino. Goti la mbwa liko juu, usawa wa tumbo, nalo huelekea mbele kama goti la binadamu. Mbele ya goti hilo mna mfupa mdogo wa mviringo, ambao kwa mbwa mdogo hauzidi ukubwa wa punje ya haragwe. Waswahili huuita pia ya goti, na katika kamusi lipo pia jina la kilegesambwa, ambalo kwa shauri la leo lafaa mno.

Kazi ya mfupa huu ni rahisi kuielewa. Musuli mkubwa wa mbele ya paja huishia katika ukano, na ukano huo hupita juu ya goti ukashikamana na mfupa wa muundi. Pia ya goti imo ndani ya ukano huo, nayo huteleza juu na chini katika mfereji uliochongwa mwishoni mwa mfupa wa paja. Askari yeyote aliyewahi kupandisha bendera analijua kapi lililo juu ya mlingoti. Kamba ikikaa katika mfereji wa kapi, bendera hupanda kwa mkono mmoja. Kamba ikichomoka na kuangukia kando, hata wanaume wawili hawaipandishi. Ndivyo ilivyo kwa goti: pia ikitoka katika mfereji wake, musuli huvuta bure, na mguu hauwezi kunyooka.

Kwa mbwa wadogo pia hutoka mara nyingi zaidi kwa upande wa ndani, yaani upande unaoelekea mguu wa pili. Kwa mbwa wakubwa huweza kutoka kwa nje vilevile, na kwa baadhi yao huonekana pia imekaa juu kupita kiasi, mahali ambapo mfereji haujawa na kina cha kuizuia. Hata hivyo askari aliyezoea kuwaona mbwa wa kikosi cha polisi, kama vile German Shepherd, huenda asiukute ugonjwa huu mara nyingi. Mbwa hao taabu yao mashuhuri zaidi ni ya nyonga.

Dalili yake ya kwanza ni ya kuchekesha, na ndiyo sababu hupuuzwa. Mbwa anakimbia uani. Ghafla anaukunja mguu mmoja wa nyuma, anaruka hatua tatu au nne kwa miguu mitatu, kisha anaunyoosha mguu ule kwa nyuma kama anayejinyoosha baada ya usingizi, na mara anaendelea kama kwamba hapakuwa na jambo. Watoto hucheka, na jirani husema mbwa huyo anacheza ngoma. Lililotukia ni kwamba pia ilitoka mahali pake, na mbwa aliponyoosha mguu ikarudi. Mwanzoni hata halii, kwa sababu maumivu ni machache au ni ya kupita. Na akipelekwa kwa daktari siku hiyohiyo, hutembea vizuri kabisa mbele yake. Ni jambo la busara kumpiga picha za mwendo kwa simu wakati anapochechemea, ili daktari ayaone kwa macho yake.

Madaktari wa wanyama huupima ugonjwa huu kwa daraja 4. Katika daraja la kwanza pia hukaa mahali pake, na hutoka tu ikisukumwa kwa kidole. Ikiachwa hurudi yenyewe. Katika la pili hutoka yenyewe mara kwa mara, ikarudi mbwa anyooshapo mguu au daktari airudishapo. Huyo ndiye mbwa wa hatua tatu nne aliyetajwa. Katika daraja la tatu pia hukaa nje karibu wakati wote, ingawa yaweza kurudishwa kwa mkono, na ikiachiliwa hutoka tena. Katika la nne imekaa nje moja kwa moja na hairudishiki. Mbwa wa daraja hili, hasa akiwa na ugonjwa katika miguu yote miwili, hutembea amechuchumaa, magoti yamekunjwa, na mgongo umepinda. Baadhi yao huonekana hivyo tangu wakiwa watoto wa wiki chache.

Upimaji huu hufanywa kwa vidole vya mtu aliyefundishwa, na picha za mionzi huongezwa kuonyesha umbo la mifupa. Si kazi ya baba mwenye nyumba, wala si ya muunga mifupa wa mtaani, hata akisifiwa vipi kwa mikono ya watu. Goti la mbwa wa kilo 4 ni dogo, na kulisukumasukuma huku mnyama anajitetea ni kumtafutia jeraha jipya.

Sasa yarudiwe mashtaka ya mtoto. Pia ya goti yaweza kweli kutolewa na ajali: mbwa kukanyagwa, kugongwa na pikipiki, au kuanguka kutoka ghorofani. Lakini ajali ina alama zake. Mbwa hulia papo hapo, goti huvimba, na mguu haukanyagi chini siku hiyo wala ya pili yake. Yule anayeruka hatua chache kisha akapona, leo hivi na juma lijalo tena hivi, hakuvunjwa na mtu. Ugonjwa wake umo katika maumbile. Aghalabu pia huwa iko mahali pake anapozaliwa, lakini mifupa ya mguu hukua ikiwa haikunyooka sawasawa: paja limepinda kidogo, mahali ukano unaposhikamana na muundi pamesogea upande wa ndani, na mfereji, kwa kukosa pia ya kuukandamiza wakati wa kukua, umebaki na kina kifupi. Ndiyo maana mbwa wengi wana kasoro hiyo katika miguu yote miwili, ingawa mmoja huonekana kabla ya mwingine. Ni vigumu mtoto wa miaka 8 amwangushe mbwa kwa namna ya kuyalegeza magoti mawili kwa kipimo kimoja.

Ngazi nazo hazikuuleta ugonjwa, lakini haziusaidii. Kuruka kutoka kitini, kuteremka mbio na kuteleza sakafuni huzidisha kutoka kwa pia, na kila inapotoka husugua gegedu, ile ngozi laini inayofunika ncha za mifupa. Baada ya miaka, kiungo hukauka na kuuma. Kuna na hatari nyingine: kati ya kano za ndani ya goti ziko mbili zilizopishana mfano wa msalaba, na moja yazo huweza kukatika katika goti lililozoea kulegea. Mbwa aliyekuwa akichechemea kwa hatua chache, kisha ghafla akaacha kabisa kuukanyagia mguu, yampasa afikishwe kwa daktari bila kuchelewa.

Kwa jamaa za Old Kampala safari hiyo si ndefu. Chuo Kikuu cha Makerere, kilicho juu ya mlima wa jirani upande wa kaskazini, kimekuwa kikifundisha madaktari wa wanyama tangu miaka ya 1970, na mjini mna waganga wengine waliosoma kazi hiyo.

Si kila mbwa atakatwa kwa kisu. Mbwa mwenye daraja la kwanza asiyeonyesha taabu huangaliwa tu, na wengi wa daraja la pili wasiochechemea sana huishi hivyo hadi uzee. Operesheni hufikiriwa pale kuchechemea kunapozidi, na kwa daraja la tatu na la nne. Daktari huongeza kina cha mfereji. Huukata ule uvimbe wa mfupa wa muundi unaoshika ukano, akausogeza uwe sawa na mfereji, akaufunga kwa pini. Kisha hukaza nyama za upande uliolegea na kulegeza za upande unaovuta. Matokeo ya daraja la pili na la tatu kwa kawaida ni mema. Ya daraja la nne hayana uhakika kama hayo, kwa kuwa mifupa imekwisha kupinda mno, na ndiyo sababu mtoto wa mbwa atembeaye amechuchumaa haifai kungojewa akue. Gharama si ndogo, na baada yake mbwa hufungwa kamba na kutembezwa polepole kwa muda wa wiki 6 hadi 8. Mwenye nyumba na aulize bei na masharti hayo kabla, si baada.

Katika kungojea daktari, jambo moja huua mbwa wengi wasiostahili kufa, nalo ni huruma ya kabati la dawa. Vidonge vya binadamu vya kutuliza maumivu si vya mbwa. Ibuprofeni huchoma tumbo lake na kuharibu mafigo. Parasetamoli huweza kumharibu ini na damu. Kidonge kimoja cha mtu mzima ni kikubwa kwa mnyama wa kilo 4. Dawa za maumivu za mbwa zipo, na daktari huzitoa kwa kupima uzito.

Uzito wenyewe ndio dawa isiyonunuliwa. Mbwa wa kilo 4 akinenepa hadi kilo 5, watu husema amependeza. Kwa hakika ameongezewa robo ya mwili wake: ni kama askari wa kilo 72 avikwe mzigo wa kilo 18 asiovua usiku wala mchana, kisha aambiwe apande ngazi. Mbwa mdogo hulishwa na kila mkono: mama akisonga posho humpa ukoko, watoto humpa mafuta ya nyama, mgeni humpa mkate. Heri chakula chake kiwe mikononi mwa mtu mmoja, kwa kipimo na kwa saa. Kucha zake zikatwe, manyoya ya kati ya vidole yapunguzwe yasimtelezeshe, na mkeka au zulia la zamani litandikwe pale anapopenda kukimbia. Ngazini abebwe, naye mtoto afundishwe kumbeba kwa mkono mmoja kifuani na mwingine chini ya makalio, badala ya kukatazwa kumgusa.

Limebaki la fedha. Watoto wa mbwa weupe wenye manyoya mengi wana wanunuzi mjini Kampala, na jamaa yenye jike huhesabu mapato ya mimba kabla mimba haijaingia. Kishawishi hicho kinaeleweka katika nyumba yenye ada za shule za kulipa. Lakini ugonjwa huu hurithiwa. Haurithiwi kwa njia nyepesi, kwani wazazi wawili wanaotembea vizuri huweza kuzaa mwenye kasoro, ila mzazi mwenye ugonjwa huongeza hatari kwa wana wote. Jike au dume anayeruka kwa miguu mitatu hafai kuzalishwa, hata ikiwa operesheni imemnyoosha. Kisu hurekebisha goti lake, hakigusi mbegu yake. Muuzaji anayesema kasoro hiyo ni ya kuanguka, na aulizwe ni mguu gani ulioanguka, na huo wa pili una nini.

Naye mnunuzi ana haki zake. Asikubali kukabidhiwa mtoto wa mbwa ndani ya kikapu kituoni pa teksi. Aombe kumwona mama akitembea na kukimbia, na baba pia ikiwezekana. Kisha amweke mtoto chini juu ya ardhi isiyoteleza, amtazame kwa nyuma akienda, kama miguu imenyooka au imepinda kama upinde. Aulize kama wazazi walipimwa magoti na daktari baada ya kutimiza mwaka 1, maana kupimwa utotoni hakutoshi. Muuzaji asiyeweza kujibu si lazima awe mwongo, lakini bei yake yapasa ishuke, na fedha inayobaki iwekwe kwa ajili ya daktari.