Kura moja ya seneta asiye na chama: nyumba na posho za familia nchini Australia

Wasikilizaji wetu wenye ndugu Australia, hasa wa wale Wakongo na Warundi waliopitia kambi za Kigoma kabla ya kupelekwa huko, hutuuliza jambo moja kwa namna nyingi: mbona katika nchi tajiri namna ile mtu anafanya kazi usiku na mchana na bado pango linamshinda? Ukifuatilia wanasiasa wa huko wanavyolijibu swali hilo, jina la David Pocock halikosi kutajwa. Ni seneta na hana chama. Kati ya 2022 na 2025 kura yake moja ilitafutwa na serikali kila sheria ngumu ilipofika mezani, na yeye aliitoa kwa masharti. Baadhi ya masharti hayo yaligusa moja kwa moja mfuko wa mama anayelea watoto peke yake.

Kwanza tumfahamu. Alizaliwa Afrika Kusini mwaka 1988, akakulia Gweru, Zimbabwe, katika familia ya wakulima Wazungu iliyohamia Australia mwaka 2002, wakati wa mgogoro wa ardhi. Huko akawa mcheza raga mkubwa hadi kuwa nahodha wa timu ya taifa. Mei 2022 aligombea useneta katika eneo la mji mkuu, Canberra, akawa mgombea binafsi wa kwanza kushinda kiti hicho. Eneo hilo lina maseneta 2 tu, na kabla yake viti hivyo vilikuwa vya vyama vikubwa viwili, kimoja kila upande, kama mali ya urithi.

Kwa msikilizaji wa Tanzania neno "mgombea binafsi" lina historia yake. Sheria yetu inamtaka mgombea adhaminiwe na chama, na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu pale Arusha iliamua mwaka 2013, katika shauri la marehemu Mchungaji Christopher Mtikila na wenzake, kwamba zuio hilo linakiuka Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu. Kenya wanaruhusu. Australia wanaruhusu tangu zamani, lakini kuruhusiwa kugombea ni jambo moja, na kuwa na nguvu ukishaingia bungeni ni jambo lingine kabisa.

Nguvu ya Pocock ilitokana na hesabu. Seneti ya Australia ina viti 76, na ili sheria ipite zinahitajika kura 39. Baada ya uchaguzi wa 2022 chama tawala cha Labor kilikuwa na maseneta 26, na chama cha Greens 12. Jumla 38. Upinzani mkuu ukikataa, serikali ilihitaji Greens wote pamoja na mtu mmoja zaidi. Mtu huyo mara nyingi alikuwa Pocock. Greens wakikataa, kura yake haikutosha kitu, na hili tulikumbuke kwa sababu litarudi kwenye habari ya nyumba.

Mwezi Novemba 2022 serikali ya Waziri Mkuu Anthony Albanese ilikuwa na haraka ya kupitisha sheria mpya ya ajira na mishahara. Pocock alisema atakubali, lakini pamoja na mabadiliko ndani ya sheria yenyewe aliomba kitu ambacho hakikuwa na uhusiano wa karibu na ajira: iundwe kamati ya wataalamu ya kuchunguza kama posho za serikali zinamtosha mtu kuishi. Kamati hiyo iandike ripoti kila mwaka, na ripoti itangazwe hadharani angalau wiki 2 kabla ya bajeti kusomwa. Serikali haikulazimika kufuata ushauri wake. Ililazimika tu kuuacha watu wausome mapema.

Ukitazama juu juu utasema alipewa karatasi. Kamati! Nasi tunazijua kamati. Lakini tazama tarehe. Ripoti ikitoka wiki 2 kabla ya bajeti, magazeti yote yana wiki 2 za kuuliza waziri wa fedha: wataalamu mliowateua wenyewe wamesema hivi, ninyi mtafanya nini? Hapo waziri hana pa kujificha.

Ripoti ya kwanza ilitoka Aprili 2023. Ilisema posho ya wasio na kazi ni ndogo mno, ipandishwe hadi 90 kwa kila 100 ya pensheni ya wazee. Serikali haikufika huko. Iliongeza dola 40 za Australia kwa kila wiki mbili, nyongeza iliyowaudhi wengi. Lakini jambo jingine lilipita, na ndilo lililo karibu zaidi na wasikilizaji wetu.

Kulikuwa na sheria kwamba mzazi anayelea mtoto peke yake anapata posho ya ulezi hadi mtoto wake wa mwisho atimize miaka 8. Siku ya kuzaliwa mtoto akitimiza 8, mama anahamishiwa posho ya wasio na kazi, iliyo ndogo zaidi, kana kwamba mtoto wa miaka 8 anakula kidogo kuliko wa miaka 7. Utaratibu huo ulianzishwa mwaka 2006, na mwaka 2013 serikali ya Labor yenyewe ikaufanya uwaguse hata wale waliokuwa wamelindwa. Katika bajeti ya Mei 2023 umri huo ulipandishwa hadi miaka 14, kuanzia Septemba mwaka huo. Tofauti yake ilikuwa dola 176.90 kila wiki mbili. Serikali ilisema wazazi wapatao 57,000 wangenufaika, na 52,000 kati yao ni wanawake.

Je, hilo ni la Pocock? Si lake peke yake. Vyama vya akina mama walezi vilikuwa vimepiga kelele miaka mingi, na kamati nyingine ya serikali, ile ya usawa wa wanawake kiuchumi, ilitaka jambo hilohilo. Ila bila ile ripoti ya wiki 2 kabla ya bajeti, naona kelele hizo zingekuwa rahisi zaidi kuzipuuza. Kamati hiyohiyo ilipendekeza pia kufutwa kwa masharti yaliyomnyima mtoto nafasi ya ruzuku ya malezi ya mchana kwa sababu mzazi wake hana saa za kutosha za kazi. Februari 2025 bunge lilipitisha sheria ya kuzihakikishia familia zinazostahili ruzuku hiyo angalau siku 3 kwa wiki, kuanzia Januari 2026.

Sasa tuje kwenye nyumba, ambako mambo ni magumu zaidi.

Kiswahili chetu kinaita "kodi" vitu viwili: anachotoza mwenye nyumba na anachotoza serikali. Hapa nitasema pango kwa cha kwanza na kodi kwa cha pili, maana katika habari hii vinagongana.

Australia ni shirikisho lenye majimbo 6 na maeneo 2 yenye serikali zao. Nyumba za umma zinamilikiwa na serikali za majimbo na maeneo hayo, ambazo ndizo pia zinazopanga matumizi ya ardhi. Fedha nyingi ziko kwa serikali ya shirikisho, kwa sababu ndiyo inayokusanya kodi ya mapato. Kwa hiyo mpangaji akilalamika, kila upande una mahali pa kumwelekeza. Nyumba za umma na za mashirika ya kijamii ni takriban 4 tu katika kila nyumba 100 za nchi nzima. Wengine wote wako sokoni.

Serikali ilileta mpango wa mfuko wa dola bilioni 10. Fedha hizo hazijengi nyumba moja kwa moja. Zinawekezwa, na faida yake ndiyo inayotumika. Lengo likawa nyumba 30,000 katika miaka 5 ya kwanza. Muswada wa awali ulisema zisitumike zaidi ya dola milioni 500 kwa mwaka. Pocock aliona mashimo mawili. Uwekezaji ukipata hasara mwaka fulani, je, mwaka huo hakuna ujenzi? Na milioni 500 za leo zitanunua nini baada ya miaka 10, bei za saruji na mbao zikipanda? Yeye na Jacqui Lambie, seneta wa Tasmania mwenye chama kidogo, walibana hadi milioni 500 zikawa kiwango cha chini kilichohakikishwa, kitakachopandishwa baadaye kufuatana na kupanda kwa bei. Likaongezwa pia sharti la angalau nyumba 1,200 kwa kila jimbo na eneo, ili sehemu ndogo zisimezwe na Sydney na Melbourne.

Hata hivyo mfuko ulikwama kwa miezi. Greens walikataa hadi waongezewe fedha za kujenga sasa hivi, si faida ya baadaye. Walipata jumla ya dola bilioni 3 za nyongeza, na sheria ikapita Septemba 2023. Pocock alikuwa amekubali mapema, lakini kura yake bila Greens ilikuwa kama jembe lisilo na mpini.

Kuna hoja yake nyingine ambayo haikufika popote, na ndiyo iliyo nzito kuliko zote. Ni ya kodi. Chukua mfano. Mtu mwenye mshahara mzuri ananunua nyumba ya pili kwa mkopo. Analipa benki na matengenezo dola 30,000 kwa mwaka, anakusanya pango dola 24,000. Amepata hasara ya 6,000. Sheria inamruhusu kuitoa hasara hiyo kwenye mshahara wake kabla ya kukatwa kodi, kwa hiyo serikali inambebea sehemu ya mzigo. Baada ya miaka anaiuza nyumba kwa faida ya dola 200,000. Kama ameimiliki zaidi ya mwaka mmoja, anatozwa kodi kwenye nusu tu ya faida hiyo. Punguzo hilo la nusu lipo tangu 1999. Kijana anayetafuta nyumba yake ya kwanza anashindana mnadani na mtu huyu, na kijana hana hasara ya kupeleka kwa mtoza kodi.

Mwaka 2024 Pocock na Lambie waliitaka ofisi ya bajeti ya bunge ipige hesabu ya njia mbalimbali za kupunguza nafuu hizo mbili, wakazitangaza ili mjadala uwe na tarakimu. Serikali haikuzigusa. Labor waliwahi kuahidi mabadiliko ya aina hiyo katika chaguzi za 2016 na 2019, wakashindwa zote mbili, na aliyeumwa na nyoka akiona ukuti hushtuka. Mwaka huohuo Pocock na mbunge mwingine binafsi, Kylea Tink, walipeleka muswada wa kuilazimisha serikali ya shirikisho iwe na mpango wa miaka 10 wa makazi, na kuitambua nyumba kuwa haki ya binadamu. Nao haukupita.

Wapinzani wake wana hoja zinazostahili kusikilizwa. Wanasema ukimwondolea mwenye nyumba nafuu ya kodi atauza, na nyumba za kupangisha zitapungua. Jibu la kawaida ni kwamba nyumba ikiuzwa haiondoki mahali pake. Anayeinunua huenda ndiye aliyekuwa mpangaji. Hilo ni kweli kwa nyumba iliyopo, lakini haliongezi hata moja mpya, na serikali imejiwekea lengo la nyumba milioni 1.2 katika miaka 5 kuanzia Julai 2024 wakati mafundi hawatoshi. Mimi naona Pocock ana haki kuhusu kodi, ila ni rahisi kuwa na haki ukiwa huna wizara. Mgombea binafsi haulizwi kwa nini matofali yamechelewa.

Mei 2025 alirudi kwa wapiga kura, kwa kuwa maseneta wa maeneo hukaa miaka 3, si 6 kama wa majimbo. Alipata kura nyingi kuliko mgombea mwingine yeyote katika eneo lake, akavuka kiwango cha ushindi bila kusubiri kura za chaguo la pili alizozihitaji mwaka 2022. Lakini katika uchaguzi huohuo Labor walipata jumla ya maseneta 28, na Greens wakawa 11. Jumla 39. Watu wa Canberra walimwongezea Pocock kura, na majimbo yakamwondolea turufu, siku hiyohiyo.

Ile kamati bado ipo. Tangu 2023 imewekwa kwenye sheria yake yenyewe, na ripoti yake inatakiwa kutoka kabla ya kila bajeti, serikali iwe inamhitaji Pocock au haimhitaji.

Kwa wenye ndugu huko: mhamiaji wa kawaida husubiri miaka 4 tangu apate ukazi wa kudumu kabla ya kupata posho ya ulezi, lakini aliyeingia kama mkimbizi hasubiri. Mama aliyetoka Nyarugusu kwa utaratibu wa wakimbizi, analea peke yake na mtoto wake wa mwisho ana miaka 9 au 12, yumo katika mabadiliko yale ya 2023. Kama bado anapokea posho ya wasio na kazi, aende ofisi ya Centrelink iliyo karibu naye aulize, na anaweza kuomba mkalimani bila malipo.