Hatua ya Sita: Jubilei ya Jumuiya Ndogo Ndogo

Miaka 50 imetimia tangu maaskofu wa AMECEA, shirikisho la mabaraza ya maaskofu Katoliki ya ukanda wetu, walipokutana Nairobi mwaka 1976 na kuazimia kwamba kujenga jumuiya ndogo ndogo za Kikristo iwe kazi ya kwanza ya kichungaji katika nchi zao. Wazo lilikuwa limeshapandwa kwenye mkutano wao wa mwaka 1973: Kanisa liishi pale watu wanapoishi, kati ya nyumba zinazoombana chumvi na kuzikana. Jubilei hii ya dhahabu ni ya wengi, kuanzia Kampala hadi Lusaka. Lakini sisi wa Songea tuna sababu zetu wenyewe za kuishangilia, na tunazitaja bila kuona haya.

Pita Lizaboni, Mfaranyaki au Bombambili siku ya jumuiya, kabla jua halijapanda. Benchi limetoka nyumba ya jirani, mkeka umetandikwa barazani, Biblia iko juu ya kitambaa cheupe karibu na mshumaa. Hakuna padri. Anayeongoza ni mama muuza mboga au mwalimu mstaafu, na katibu ana daftari lake la mahudhurio. Jumuiya nyingi hufuata zile hatua saba zilizobuniwa katika taasisi ya Lumko, Afrika Kusini: kumkaribisha Bwana, kusoma, kuchagua maneno yaliyomgusa mtu, kukaa kimya, kushirikishana, kupanga kazi, kisha kusali. Hatua nne za mwanzo mtu angeweza kuzifuata peke yake chumbani, walau kwa kiasi. Ya sita haiwezekani bila wenzake. Hapo ndipo huulizwa: neno hili tulilosoma linatutuma kwa nani wiki hii? Na Jumamosi ijayo wataulizana tena: je, mlikwenda?

Hatua hiyo ya sita ndiyo tunayoiadhimisha. Ndiyo iliyoifanya jumuiya kuwa darasa la watu wazima, darasa ambalo mtihani wake ni mgonjwa aliyetembelewa na mtoto yatima aliyepata daftari.

Mbegu hii haikuangukia udongo mgeni. Mkoa huu ulijifunza kwa uchungu kwamba dini inayokuja bila mazungumzo huzaa moto. Misheni ya Peramiho, iliyoanzishwa na Padri Cassian Spiss mwaka 1898, ilichomwa katika Vita vya Maji Maji mwaka 1905, na Spiss mwenyewe, akiwa tayari askofu, aliuawa mwaka huohuo akiwa safarini. Mwaka uliofuata Wajerumani waliwanyonga hapa mjini wazee wetu tunaowakumbuka kila tarehe 27 Februari. Peramiho ilijengwa upya, na kazi ya kila siku ya imani vijijini ikabebwa na makatekista, watu waliotembea kwa miguu na katekisimu mfukoni. Bila wao pasingekuwa na mtu wa kuongoza jumuiya hata moja.

Kisha ikaja Litowa. Mwaka 1960 vijana wa TANU wakiongozwa na Ntimbanjayo Millinga walianza kulima na kuishi pamoja huko, na kutokana nao kikazaliwa Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, kilichounganisha vijiji kadhaa ambamo wanavijiji wenyewe walikaa, wakabishana, wakaamua. Mwalimu Nyerere alivutiwa nacho. Hata hivyo Septemba 1969 chama hicho kilivunjwa na uongozi wa TANU, na wengi waliona kwamba walichoadhibiwa ni kule kujiamulia. Mwaka huohuo, 1969, Songea ilipata kuwa jimbo, na James Komba akawa askofu wake. Miaka minne baadaye, kampeni ya Mtu ni Afya iliwakalisha watu wazima wapatao milioni mbili nchi nzima mbele ya redio, katika vikundi, wakisikiliza, wakisoma kitabu, wakijadiliana, kisha wakienda kuchimba vyoo. Kwa hiyo jumuiya zilipoanza, wazee wa Songea walishajua kukaa duara na kuondoka na kazi mkononi. Kilichoongezeka ni sala, na sala ilikipa kikao mizizi ambayo kampeni ya serikali haikuwa nayo. Redio ilinyamaza, vikundi vikatawanyika. Jumuiya bado zinakutana.

Tumetafuta nani mwingine duniani ameishi hivi, akisoma na kuulizana na wenzake, kwa muda mrefu, na jibu la kwanza ni Wayahudi. Kwao mtu mzima hahitimu. Torati husomwa sehemu kwa sehemu, wiki kwa wiki, na siku inapomalizika ndiyo siku inayoanzwa upya. Wanafunzi hukaa wawiliwawili na kubishana juu ya andiko, na ubishi huo huhesabiwa kuwa ibada. Sala ya hadhara huhitaji watu wazima kumi, idadi ambayo wazee wetu wa nyumba kumi wataielewa mara moja. Karamu ya Pasaka huliwa nyumbani, na mtoto mdogo kuliko wote ndiye anayeuliza maswali.

Wala si mfano wa mbali. Mbale, Uganda, wapo Abayudaya, jamii iliyoanza mwaka 1919 baada ya Semei Kakungulu, kiongozi wa kivita wa Baganda, kuisoma Biblia na kuamua kufuata dini ya Musa pamoja na watu wake. Idi Amin alipoipiga marufuku dini yao wengi waliiacha. Waliobaki walisali na kusoma kwa kificho, na imani ikavuka. Mmoja wa watoto wa jamii hiyo, Gershom Sizomu, alipata daraja la urabi nchini Marekani mwaka 2008, na mwaka 2016 wananchi wa Bungokho Kaskazini, ambao wengi wao si Wayahudi, wakamchagua kuwa mbunge wao. Tunaliona hilo kuwa jambo kubwa. Mtu aliyelelewa katika kusoma pamoja na kuulizana aliaminiwa na majirani wa dini nyingine kuwasemea bungeni.

Nasi tuna matunda yetu. Misiba mingi ya mji huu isingeendeka bila jumuiya: turubai, kuni, uji wa wafiwa, zamu za kulala na familia. Wako akina mama waliosimama kusema mbele ya watu kwa mara ya kwanza jumuiyani, na leo wanasimama kwenye mkutano wa mtaa bila kutetemeka. Barua za Kwaresma za Baraza la Maaskofu, ile ya mwaka 2018 iliyogusa demokrasia ikiwemo, zilihitaji mahali pa kujadiliwa baada ya kusomwa madhabahuni, na jumuiya ndiyo mahali hapo.

Kwa sababu tunaipenda, tunasema pia linalotuuma. Jumuiya nyingi zimegeuka dirisha la barua. Mtu haonekani mwaka mzima, mpaka anapotaka kubatiza mtoto au kufunga ndoa, ndipo anamtafuta mwenyekiti amwandikie barua. Kwingine nusu ya kikao huliwa na michango, na Injili husomwa mbiombio ili watu wawahi shamba. Wanaume ni wachache, vijana ni wachache zaidi. Na hatua ya sita, roho ya jambo lote, mara nyingi hurukwa.

Basi mwaka wa jubilei usomwe kama Biblia inavyouagiza. Sura ya 25 ya Mambo ya Walawi inautaka mwaka wa hamsini urudishe ardhi kwa wenyewe na kuwaachia huru watumwa. Tunapendekeza kila jumuiya ya Songea, Peramiho na Hanga isome sura hiyo mwaka huu, ikiwa na nakala ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 kwenye mkeka huohuo. Sheria hiyo inampa mwanamke haki ya ardhi sawa na mwanamume, inabatilisha mila yoyote inayomnyima, na inataka watatu kati ya wajumbe saba wa baraza la ardhi la kijiji wawe wanawake. Wakifika hatua ya sita, waulizane ni mjane gani katika nyumba zao amefukuzwa kwenye shamba la mahindi la marehemu mumewe, baraza la ardhi la kijiji chao lina wanawake wangapi, na ni akina nani watakaomsindikiza mama huyo kwa mtendaji Jumatatu asubuhi. Katibu aandike majina yao, na Jumamosi inayofuata ayasome.