Uzito wa Mwili ni Mzigo wa Safari

Jamaa inapoondoka Tandahimba kwa basi kwenda Dar es Salaam, kila mzigo hukadiriwa isipokuwa mmoja: uzito wa mwili. Wengi bado huuita unene neema. Sayansi haikubaliani nao.

Uzito kwa kilo ukigawanywa kwa kimo cha meta kilichozidishwa kwa chenyewe, jibu la 30 au zaidi ni unene wa kupindukia. Mtu wa meta 1.60 huufikia akiwa na kilo 77. Garini humbana mwanawe kitini. Tena, kukaa kwa zaidi ya saa 4 bila kujinyosha huongeza hatari ya damu kuganda katika mishipa ya miguu, na unene huizidisha.

Dawa si kujinyima chakula juma moja kabla ya safari. Kilo 1 ya mafuta ya mwili ni akiba ya kilokalori 7,700 hivi, haiyeyuki upesi. Gramu 100 za korosho, fahari ya Uwanda wa Makonde, zina kilokalori 550 hivi: chakula bora, lakini huliwa kwa kiasi.

Zamani wakazi wa uwanda huu walishuka mabondeni kuteka maji. Mabomba na pikipiki vimepunguza adha hiyo, na ni heri; lakini mwendo umepungua bila chakula kupungua. Kwa hiyo marekebisho yaanzie katika chungu cha nyumbani na matembezi ya kila siku, jamaa nzima pamoja. Walimu nao waifundishe hesabu hii pasipo kumdhihaki mwanafunzi yeyote.